KUMSAIDIA MTOTO AELEWE SWALI
Mazungumzo ya Mwenyekiti wa Kikundi katika maadhimisho ya miaka kumi, Shishiyu



Kwanza kabisa tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo tukiwa wazima. Miaka kumi siyo mchezo. Vikundi vingi huanza kwa vigelegele na kuishia kwa ugomvi wa funguo za kisanduku. Sisi funguo zetu tatu bado ziko mikononi mwa akina mama watatu, na kisanduku bado kinafunguliwa mbele ya wote.

Habari za hisa, mikopo na marejesho mweka hazina amekwisha kuzisoma, na mtazikuta kwenye kurasa nyingine za kijitabu hiki. Sisi tumeombwa tuzungumzie jambo jingine, ambalo wageni wengi hutuuliza: imekuwaje kikundi cha kuweka na kukopa kikaanza kukaa na watoto wa shule na madaftari yao? Tunaomba mtuvumilie kidogo, maana habari yenyewe si ndefu lakini ina kona.

Kikundi chetu kina umri karibu sawa na elimu bila ada, iliyoanza nchini Januari 2016. Kabla ya hapo mama alikuwa anakopa kwa ajili ya ada. Baada ya hapo ada ikaondoka, lakini sare, viatu, madaftari na kalamu vikabaki mgongoni mwa mzazi. Kwa hiyo kila Januari mikopo yetu mingi ikawa ni ya shule. Hilo ni jema. Shida ikawa hivi: mkopo wa madaftari tunaulipa hadi senti ya mwisho, na riba juu, lakini daftari lenyewe likirudi nyumbani limejaa misalaba ya kalamu nyekundu. Tukaanza kuulizana, jamani, hela yetu inakwenda wapi?

Jumamosi moja tulikuwa tunasubiri akidi itimie. Katibu wetu, ambaye yeye amefika kidato cha nne, akachukua daftari la mtoto mmoja wa darasa la tano akawa analipitia. Akakuta swali la sayansi limeandikwa: "Eleza kwa nini nguo hukauka haraka siku ya upepo." Mtoto aliandika neno moja tu: "Upepo." Akapata sifuri. Mama mmoja akamuuliza yule mtoto kwa Kisukuma, kama anavyoongea naye nyumbani: hebu tuambie, ukianika nguo siku ya upepo inakuwaje? Mtoto akaeleza vizuri kabisa, kwamba maji yaliyo kwenye nguo yanapanda kuwa mvuke, na upepo unauondoa ule mvuke unaozunguka nguo, basi maji mengine yanapata nafasi ya kutoka. Akina mama tukatazamana. Kumbe mtoto hakushindwa jibu. Alishindwa swali.

Hapo ndipo jambo lilipoanzia. Siku zilizofuata tukawa tunapitia madaftari mengine, na mara nyingi tukakuta hali ni ile ile. Mtoto ameambiwa ataje, yeye ameeleza. Ameambiwa aeleze, yeye ametaja. Ameulizwa matokeo, ameandika sababu. Ameulizwa kilichobaki, ameandika kilichouzwa.

Ndugu zangu, tusiwalaumu watoto haraka. Mtoto wa Shishiyu anazaliwa ndani ya Kisukuma. Anaingia darasa la kwanza anakutana na Kiswahili. Akishakizoea Kiswahili kwa miaka yote ya shule ya msingi, anaingia kidato cha kwanza, na masomo yote karibu yanageuka kuwa Kiingereza kwa siku moja. Ni kama kuvuka mito miwili, na kila mto unaukuta ukiwa na mzigo kichwani. Sasa mtoto akiteleza, tunasema hana akili. Hapana. Mto ndio una matope.

Na sisi wazazi je? Wengi wetu katika kikundi ni watoto wa UPE, ile elimu ya msingi kwa wote iliyoanza kutekelezwa mwaka 1977 baada ya Azimio la Musoma la 1974. Tuliishia darasa la saba. Wenzetu wachache walio wakubwa zaidi walijifunza kusoma kwenye kisomo cha watu wazima. Na wapo ambao mpaka leo wanatia dole gumba kwenye kitabu cha kikundi. Kwa hiyo wengi tulikuwa tunajiambia: mambo ya shule ni ya mwalimu, sisi tutasaidia nini? Mtoto akileta daftari tunamwambia, kalete kuni.

Hata hilo jina lenyewe linatuchanganya. Ukimwambia binti "kazi ya nyumbani", anafikiri kuteka maji, kuosha vyombo na kutwanga. Ya mwalimu inakuja mwisho, usiku, kwa mwanga wa koroboi, wakati macho yamekwisha kuchoka.

Tulipolileta jambo hili kwenye mkutano wa kikundi, halikupita kirahisi. Mwanachama mmoja alisimama akasema waziwazi: "Sisi tumekuja hapa kuweka hela, hatukuja kufungua shule." Mwingine akasema mfuko wa jamii ni wa misiba na wagonjwa, ukianza kununulia taa na vitabu, siku ya msiba tutachimba kaburi kwa mdomo? Hoja hizo zilikuwa na uzito, wala hatukuzidharau. Tulibishana mikutano mitatu. Mwisho tukakubaliana kwamba mfuko wa jamii usiguswe hata shilingi moja. Badala yake kila mwanachama atoe shilingi mia tano kwa kila mkutano, kando kabisa, na fedha hizo ziwe za taa ya sola, ubao, chaki na kamusi. Haba na haba hujaza kibaba. Ubao wetu ni kipande cha mbao kilichopakwa rangi nyeusi, na hata chaki hatukuona haya kuitafuta karibu, maana vijana wa wilaya yetu ya Maswa walikwisha onyesha kuwa chaki inaweza kutengenezwa hapa hapa.

Sasa tueleze tunachofanya, ili na wengine wakipenda wafanye.

Sisi hatufundishi. Kufundisha ni kazi ya mwalimu aliyesomea. Sisi tunafungua swali. Na kufungua swali hakuhitaji mzazi ajue jibu. Hata asiyejua kusoma anaweza, maana tuna maswali matatu tu ambayo kila mama ameyashika kichwani.

La kwanza: wamekuambia ufanye nini?
La pili: wamekupa nini?
La tatu: wanataka kiasi gani?

Mtoto anasoma swali kwa sauti mara mbili. Halafu analisema kwa maneno yake mwenyewe, kwa Kisukuma kama ni lazima. Halafu analirudisha kwa lugha ya daftari. Mama anauliza yale matatu na kusubiri. Kusubiri ndiyo kazi ngumu, jamani, kwa sababu sisi akina mama tuna haraka. Lakini ukimjibia, umemnyima chakula chake ukala mwenyewe.

Katika lile la kwanza, tunatafuta neno la amri. Tumeyaandika maneno hayo ukutani. "Taja" ni kutoa majina tu, basi, usipoteze wino. "Fafanua" ni kutaja halafu ukafungua maana. "Tofautisha" ina pande mbili, kwa hiyo chora mstari katikati ya ukurasa, hiki huku na kile kule. "Linganisha" inataka pia yale yanayofanana. "Kokotoa" inataka njia ionekane, siyo jibu peke yake. "Kwa kutumia mifano" maana yake bila mfano umekosa. Na kuna vineno vidogo vyenye sumu: "si" na "isipokuwa". Swali likisema, "Ipi kati ya hizi si njia ya kujikinga na malaria?" mtoto akiona tu malaria na chandarua, anaweka vema kwenye chandarua. Amejua malaria, amekosa "si". Tunawafundisha wayazungushie duara maneno hayo kabla ya kuandika chochote.

Hisabati ndiyo iliyotutesa mwanzoni, kumbe ndiyo yenye mambo yetu wenyewe. Chukua swali hili: "Kaka ana mbuzi 12. Ana mbuzi 5 zaidi ya dada. Dada ana mbuzi wangapi?" Mtoto akiona "zaidi" anajumlisha, anaandika 17. Mwambie apange vijiwe chini: hawa wa kaka, 12. Sasa nani ana wengi? Kaka. Basi dada atakuwaje na 17? Mtoto anacheka mwenyewe, anaandika 7. Neno "zaidi" halikumwambia ajumlishe. Lilimwambia nani amemzidi mwenzake.

Au hili la pamba: "Mkulima alivuna kilo 840. Aliuza theluthi mbili. Zilibaki kilo ngapi?" Wengi wanapata 560 na kuweka kalamu chini. Hesabu yao ni sahihi, lakini hizo ndizo zilizouzwa. Mama anayejua mafungu ya pamba anasema gawa marobota yako mafungu matatu, kila fungu kilo 280, toa mawili yaende mnadani. Limebaki moja. Basi jibu ni 280.

Na hili la kidato cha pili litawafurahisha. Kijana aliletewa hesabu ya riba: mkopo wa shilingi 200,000, riba asilimia 12 kwa mwaka, muda miezi 6. Akapiga hesabu akapata riba ya shilingi 144,000. Mama yake, ambaye Kiingereza hajui hata salamu, akashtuka: "Laki moja na arobaini na nne kwa mkopo wa laki mbili? Huyo mkopeshaji ni wa wapi?" Halafu akauliza swali ambalo sisi sote tunauliza kabla ya kutia saini: "Riba hiyo ni ya mwezi au ya mwaka?" Kijana akarudi kwenye swali, akaona riba ni ya mwaka na yeye ameiweka miezi sita kama miaka sita. Nusu mwaka, basi riba ni 12,000. Mnaona? Kisanduku chetu kilimfundisha mama hesabu ambayo mtoto ameikuta kidato cha pili kwa lugha nyingine.

Tukija kwenye Kiswahili, hapo kuna mwiba wetu Wasukuma. Herufi "l" na "r" zinatupiga chenga. Mtoto anaandikiwa imla "mwananchi alipiga kura", yeye anaandika "kula". Anaandikiwa "karamu ya harusi", anaandika "kalamu". Hapa tusione aibu wala tusimcheke mtu. Tumetengeneza orodha ya maneno mawili mawili: kura na kula, karamu na kalamu, mahari na mahali. Mtoto anayatamka na kuyatungia sentensi. Mwalimu mmoja alituambia kuwa anayeweza kutunga sentensi mbili tofauti hawezi tena kuyachanganya kirahisi. Na kweli tumeona.

Katika sayansi tunawaambia watoto waanze na kile kilichopo. Swali likiuliza mahitaji ya mbegu ili iote, weka choroko kwenye vikopo vitatu: kimoja kikavu, kimoja kina pamba yenye unyevu, kimoja mbegu zimezama ndani ya maji yaliyochemshwa yakapoa, halafu yamefunikwa kwa mafuta ili hewa isiingie. Baada ya siku chache mtoto haandiki tena "maji na hewa" kwa kukariri. Ameona. Na lile neno gumu, usanisinuru, lilitutisha sana. Lakini kila mama anajua kuwa mahindi yaliyo chini ya kivuli cha mti hayanenepi. Tukaanzia hapo: jani linahitaji mwanga ili kutengeneza chakula chake. Neno likawa jina tu la jambo tunalolijua.

Jiografia nayo ina mali nyumbani. Mtoto aliulizwa ataje aina za udongo na aeleze ipi inapitisha maji haraka. Bibi mmoja wa kikundi akamwambia achukue udongo wa luseni kule mlimani na udongo mweusi wa mbuga kule bondeni, amwagie maji kila mmoja aone. Luseni ukanywa maji mara moja, mbuga ukayashikilia juu. Basi kichanga na mfinyanzi vikaeleweka. Vile vile tuliletewa swali la kuhifadhi mazingira. Watoto walikuwa wanaandika "kupanda miti, kupanda miti" tu. Wazee wakawakumbusha ngitili, yale malisho tunayoyafunga ili majani na miti vipumzike hadi kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza 1986 wakati sisi bado tuko Mkoa wa Shinyanga, ulizirudisha ngitili nyingi, na mwaka 2002 ukapata tuzo ya kimataifa. Jambo la babu zetu limesifiwa duniani, na mjukuu analikosa kwenye mtihani kwa sababu hakuna aliyemwambia kuwa lile nalo ni jibu!

Kwa ramani tunapiga hatua uwanjani. Kipimio kikisema 1:50,000, sentimita moja kwenye karatasi ni sentimita 50,000 ardhini, yaani nusu kilometa. Kwa hiyo sentimita 4 ni kilometa 2. Tunamwambia mtoto, hiyo ni safari ya kwenda kisimani na kurudi kwa baadhi ya nyumba zetu. Hawezi kusahau.

Historia ndiyo inayowachanganya kati ya sababu na matokeo. Tunawaambia hivi: sababu inatangulia mbele ya ng'ombe, matokeo yanafuata nyuma ya mkokoteni. Wakiulizwa Operesheni Vijiji ya 1974, wanakwenda kwa bibi aliyehamishwa. Wanamuuliza kwanza, kwa nini mlihamishwa? Hizo ni sababu. Halafu, mlipofika ilikuwaje? Hayo ni matokeo. Na wakiulizwa habari za ushirika, tunawaeleza jinsi wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walivyochoshwa na mizani za walanguzi, wakajiunga, mpaka mwaka 1955 kikaundwa chama kikuu cha Victoria chini ya uongozi wa Paul Bomani. Hata kisanduku chetu hiki ni mjukuu wa moyo ule ule. Lakini tunawaonya watoto kuwa masimulizi ya bibi ni ushahidi mmoja, kitabu ni ushahidi mwingine. Yakipishana, andika yote mawili kwenye daftari na umuulize mwalimu.

Sasa Kiingereza cha sekondari. Hapa ndipo wazazi wengi wananyoosha mikono. Sisi tunasema mzazi asiogope. Mtoto ana kamusi ya kikundi. Yeye ndiye atafute neno, yeye ndiye amwambie mama maana yake. Mama anauliza yale yale matatu. Wakati wa kumweleza mama, mtoto anajikuta ameelewa, au anajikuta hajaelewa, na yote mawili ni faida. Kidato cha nne wetu ametuandikia daftari la maneno ya amri ya Kiingereza. Kuna mawili yaliyotufungua macho: "describe" na "explain". Kwa Kiswahili watoto yote huyaita "eleza". Lakini la kwanza linataka useme kitu kilivyo, na la pili linataka useme kwa nini au kwa namna gani kimekuwa hivyo. Mtoto asiyejua tofauti hiyo anaweza kujaza ukurasa mzima na kuambulia alama mbili.

Wenye simu za kisasa tunawaelekeza maktaba ya mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ambako vitabu vya kiada vinasomwa bila malipo. Hilo limetusaidia hasa tangu mtaala mpya uanze Januari 2024 kwa darasa la kwanza na la tatu, maana kitabu cha kaka siku hizi hakimfai mdogo wake kila mara. Lakini simu ikae mkononi mwa mtu mzima. Kunakili jibu kutoka kwenye simu ni sawa na kuazima mtoto wa jirani kwenda naye kliniki. Uzito utakaoandikwa siyo wa mwanao.

Ndugu zangu, mtu anaweza kusema haya ni mambo madogo, alama moja hapa, alama mbili pale. Hebu tuseme ukweli wa kwetu. Binti akionekana hafaulu, maneno yanaanza: anakaa nyumbani kufanya nini, si aolewe? Ng'ombe zinaanza kutajwa. Sheria ya Elimu ilivyorekebishwa mwaka 2016 imeweka kifungo cha miaka thelathini kwa anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi, na sisi tunaiunga mkono. Lakini sheria inamlinda akiwa mwanafunzi. Akishindwa mtihani na kuacha shule, ni nani atamlinda? Kwa mtoto wa kike wa hapa, alama mbili ni ukuta wa nyumba.

Tuna binti mmoja, jina lake hatulitaji kwa heshima yake, na yupo hapa leo. Alipata mimba, akakaa nyumbani. Serikali ilipotoa ruhusa Novemba 2021 kwamba waliojifungua warudi shuleni, mama yake alikuja kwenye kikundi akilia, hajui aanzie wapi. Akarudi shule binti. Lakini darasa lilikuwa limekwenda mbele, na jioni mtoto analia, na madaftari yanasubiri. Basi tukapanga zamu. Kila Jumatano na Jumamosi mmoja wetu anambeba yule mtoto mgongoni, wawili wanakaa na binti chini ya taa ya sola na kumuuliza yale matatu: wamekuambia ufanye nini, wamekupa nini, wanataka kiasi gani? Wiki za kwanza alikuwa anasema, "Mama, sijui." Baadaye akawa anasema, "Subirini, msiniambie." Neno hilo "msiniambie" lilitufurahisha kuliko gawio la hisa. Alifanya mtihani wa kidato cha nne na akafaulu. Wale waliosema hatukuja kufungua shule ndio waliopiga vigelegele vya kwanza.

Lakini hatujamaliza. Wakati wa kupalilia pamba watoto hupungua sana. Wavulana wanaochunga hawafiki mpaka giza liingie. Umeme umeingia vijijini lakini haujaingia kila nyumba. Na taa yetu ni moja.

Hivyo basi, tuna maombi. Walimu wetu, mkimpa mtoto zoezi, tunaomba mwandike tarehe na ukurasa wa kitabu, na mkiweka msalaba, andikeni hata neno moja la kueleza kilichokosekana, ili sisi tujue pa kuanzia. Serikali ya kijiji, tunaomba chumba kimoja kiachwe wazi jioni mbili kwa wiki. Akina baba, tunaomba saa moja tu ya jioni ambayo binti hatumwi popote. Maji yatatekwa kabla. Na kaka yake naye mikono anayo, ndoo inamtosha. Tena tunaomba tusimchape mtoto kwa sababu ya daftari. Fimbo haijawahi kumwonyesha mtoto neno "isipokuwa" liko wapi.

Wanachama wenzetu, na ninyi mnaotia dole gumba, msikae nyuma. Mtoto anapomweleza bibi asiyejua kusoma, ndipo anapolazimika kueleza vizuri kuliko anavyomweleza mwalimu. Ninyi ndio walimu wa subira. Kuuliza si ujinga, na kwa watoto wetu, maswali yenu ndiyo msaada wenyewe.

Miaka kumi ijayo tunataka mweka hazina wa kikundi hiki awe mmoja wa hawa walioketi chini ya mwembe. Kalamu, ubao na zile shilingi mia tano tutaendelea kutoa, na Jumatano hii zamu ni ya kundi la pili, msisahau taa iko kwa katibu.